Mafunjo Yasiyovunwa Hayasafishi Ziwa

Mvua kubwa ikinyesha Kinangop, maji hushuka kutoka mashamba ya viazi na mboga, huingia Mto Malewa na kuishia Ziwa Naivasha. Hubeba udongo, na ndani ya udongo huo imo mbolea ambayo mkulima aliinunua kwa jasho. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 nchini Kenya, hadi serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Fosforasi iliyomo katika mbolea hiyo ya bei ghali ikifika ziwani hulisha mwani na gugu maji. Hasara inakuwa mara mbili: shamba linakonda, nalo ziwa linachafuka.

Mafunjo na matete yanaweza kuipunguza hasara hiyo. Baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha yamekwisha kujenga vinamasi, ambamo maji yaliyotumika hupita polepole kwenye mabwawa ya kina kifupi yenye mimea. Matope hutuama, bakteria hugeuza sehemu ya nitrojeni kuwa gesi inayorudi hewani, nayo mimea hufyonza nitrojeni na fosforasi ili ikue. Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Lakini fosforasi haipotei hewani. Mashina yasipokatwa huzeeka, huanguka na kuoza, kisha sehemu kubwa ya kilichofyonzwa hurudi majini. Kinamasi kisichovunwa ni ghala linalovuja. Kikivunwa, mafunjo huchipua upya na kuendelea kufyonza, na yaliyokatwa huwa mikeka, kuni au mboji ya kurudisha shambani. Kwa hiyo mavuno ndiyo usafishaji wenyewe, wala si faida ya pembeni.

Wapo wanaohofia kwamba kupanda mimea ya majini ni kukaribisha balaa kama lile la gugu maji katika Ziwa Viktoria. Hofu hiyo ina msingi, ila gugu maji lilitoka Amerika Kusini, na hakuna sababu ya kulipanda popote. Mafunjo ni mimea ya kwetu, na hapa yanawekwa ndani ya mabwawa yenye kingo. Wengine wanauliza kuhusu dawa za kuua wadudu. Ni kweli kwamba mmea unaweza kuhifadhi sumu, na ndiyo maana mavuno ya kinamasi cha shamba la maua yasilishwe ng'ombe kabla ya kupimwa maabara. Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mdogo: atoe wapi ardhi na nguvukazi? Asiachiwe mzigo huo peke yake. Katika bonde la Malewa, watumiaji wa maji walio upande wa chini wa mto wamewahi kuwalipa wakulima wa upande wa juu waliopanda nyasi za kuzuia mmomonyoko. Utaratibu huo huo unaweza kugharamia kinamasi kimoja cha pamoja mwishoni mwa mtaro unaokusanya maji ya mashamba mengi.

NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ndiyo inayotoa leseni za kutiririsha maji machafu. Iongeze sharti moja: kila mwenye kinamasi aeleze amevuna kiasi gani na amekipeleka wapi. Anayeshindwa kujibu asihesabiwe kuwa amesafisha maji.