Bibi Bhoke Ameoa

Ndugu msomaji, nakuomba usahihishe sentensi hii: "Bibi Bhoke ameoa." Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Uganda waliisahihisha kwa kicheko. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ndivyo tunavyofunza kauli ya kutendwa, nami nimeifunza hivyo kwa miaka.

Sentensi haina kosa. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara, Tanzania, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Bibi huyo ni mume kwa cheo, wala si kwa mapenzi; watoto hupatikana kwa mwanamume mwingine. Na huku kwetu, binti wa kifalme wa Buganda kwa desturi huitwa "ssebo", neno tunalomwitia bwana, wala haulizwi kwa sababu hiyo moyo wake unampenda nani. Sidai kwamba wazee walikuwa wapole. Huyo msichana anayeolewa nyumba ntobhu mara nyingi hana kauli. Nasema tu kwamba walitenganisha mambo mawili ambayo sisi tumeyafunga katika furushi moja: kazi ya mtu katika jamii, na mapenzi yake.

Tazama maneno yetu wenyewe. "Shoga", kwa wanawake wa pwani, ni mwandani, rafiki wa kusimuliana naye siri. Neno hilo la upendo lilipopachikwa mwanamume likawa tusi. Msichana shupavu tukimwita "jikedume" kuna nusu ya sifa ndani yake; mvulana tukimwambia ana tabia za kike, hakuna hata chembe. Kwa nini? Kwa sababu tunaamini kwamba kufanana na mwanamke ni kushuka. Chuki tunayodai ni ya maadili, chimbuko lake ni dharau kwa mama zetu.

Mvulana mmoja darasani mwangu alikuwa akisuka nywele saluni mwa shangazi yake kila Jumamosi, apate karo. Alisuka vizuri sana. Wenzake walipogundua, walimpa jina ambalo sitaliandika. Hakuna aliyemwona na mtu yeyote. Ushahidi wote ulikuwa kitana na nywele za bandia. Mwalimu mmoja alimwambia ajikaze kiume. Mimi nilikuwa mlangoni, nikanyamaza. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023, ambayo adhabu yake ni kifungo cha maisha, na hata kifo kwa makosa yaliyoitwa mazito, anayemtetea mtoto wa namna hiyo huhofu kuulizwa anamtetea kwa nini.

Naiona sheria hiyo kuwa mbaya. Wewe huenda unaiona njema, na leo sitakubishia. Lakini hata Rais Museveni, aliporudisha muswada wake Bungeni, alitaka hali ya mtu itenganishwe na tendo. Na Mahakama ya Katiba, iliyoiacha sehemu kubwa ya sheria Aprili 2024, ilikifuta kifungu cha kuwalazimisha raia kuripotiana. Basi wewe unayeiunga mkono, nionyeshe ni kifungu gani kinachotaja kitana. Nionyeshe kinachotaja sauti nyembamba, au msichana anayecheza mpira na hataki sketi. Hukumu hizo tumezitunga sisi wenyewe, barazani na katika ofisi za walimu, na hazina rufaa.

Utasema kwamba mwalimu ametumwa na wazungu. Bibi Bhoke hakutumwa na mzungu. Na jinai hii iliingia katika vitabu vyetu vya sheria kwa mkono wa Waingereza waliotutawala.

Muhula wa pili mvulana yule hakurudi. Nasikia sasa anasuka siku zote saba.