Wako Wapi Akina Ngassa Wengine?

Jioni yoyote, mwananchi apitaye Igogo atawakuta watoto wakicheza kandanda katika vichochoro vilivyobanwa baina ya nyumba na mawe. Mteremko ni mkali. Gozi likiponyoka, huporomoka kuelekea ziwani. Kwa hiyo mtoto hujifunza mapema kuuweka mpira karibu na mguu. Kila tuwatazamapo, humkumbuka Mrisho Ngassa.

Ngassa alizaliwa Mwanza mwaka 1989, mwana wa Khalfan Ngassa, aliyepata kuichezea Pamba. Akiwa kijana alipitia Toto African na Kagera Sugar, na mwaka 2006 akachukuliwa na Yanga. Alikuwa mwembamba, wala hakuwa mtu wa kupigana vikumbo na walinzi. Silaha yake ilikuwa kuwahi. Alisimama pembeni, ametulia kana kwamba mchezo haumhusu. Mlinzi akigeuza shingo tu, Ngassa amekwisha pita. Mbele ya kipa alipenda kuuelekeza mpira kuliko kuufumua. Ziko siku alizopotea kabisa mchezoni, nasi hatuzifichi. Lakini siku alipoamka, hata mashabiki wa upande wa pili walisimama kumtazama. Desemba 2012 aliifungia Kilimanjaro Stars mabao matano katika mchezo mmoja dhidi ya Somalia, na kwa miaka mingi jina lake liliongoza orodha ya wafungaji wa Taifa Stars.

Hata hivyo, mwaka 2009 alijaribiwa na West Ham ya London akarudi. Mwaka 2011 aliingia uwanjani na Seattle Sounders dhidi ya Manchester United, akarudi tena. Alipojiunga na Free State Stars ya Afrika Kusini mwaka 2015, alikuwa na umri wa miaka 26. Mwenzake Mbwana Samatta alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Miaka mitano baadaye akawa Genk, Ubelgiji.

Sisi hatuamini kwamba Ngassa alipungukiwa kipaji. Aliokwenda kushindana nao London walikuwa na mwalimu, kiwanja na ratiba tangu utotoni. Vichochoro humpa mtoto wepesi wa mguu, lakini havimfundishi kukimbia bila mpira, wala kujipanga na wenzake kumi.

Tulifurahi Pamba Jiji iliporejea Ligi Kuu mwaka 2024. Lakini klabu haiwezi kuishi kwa kusajili wachezaji waliolelewa na wengine. Twajua Igogo haina tambarare nyingi, na kila kipande kilicho wazi huota msingi wa nyumba au kibanda cha biashara. Ndiyo sababu twaiomba Halmashauri ya Jiji ipime kiwanja cha watoto katika kila kata, ikiwekee mipaka kabla hakijauzwa, na iajiri mwalimu wa kuwafundisha. Ianze na Igogo, na ianze kabla ya msimu ujao.