Programu za umri wa mifupa: ni mkono wa nani unaopimiwa?

Haya jamani, leo tuweke kando habari za simu na lugha za programu, tuzungumze mifupa. Juzi nilionyeshwa hapa Malindi programu ya akili unde inayosoma eksirei ya mkono wa mtoto. Unaipa picha, unangoja sekunde chache, inakutolea jibu: umri wa mfupa, miaka 11 na miezi 6. Waliokuwapo walifurahi sana. Mimi nikauliza, 11 na nusu kwa kulinganishwa na mkono wa nani? Kimya.

Swali hilo si ubishi wa mafundi wa kompyuta. Mojawapo ya kazi za programu kama hii ni kumsaidia daktari mwenye mgonjwa wa skoliosisi, yaani mgongo unaopinda kwenda ubavuni huku ukijizungusha. (Si kibiongo, usichanganye.) Mpindo hupimwa kwa nyuzi, kwa njia aliyoieleza John Cobb mwaka 1948, na ukifika nyuzi 10 ndipo huitwa skoliosisi. Aina iliyo ya kawaida zaidi hujitokeza karibu na balehe, bila sababu inayojulikana, na wasichana ndio ambao mpindo wao huzidi mara nyingi zaidi.

Sasa sikiliza hapa. Wasichana wawili wana mpindo wa nyuzi 25 kila mmoja. Wa kwanza amekwisha kurefuka: aghalabu huangaliwa tu. Wa pili ndiyo kwanza anaanza kupaa: huyo ni wa kuvalishwa bresi, lile vazi gumu la plastiki, kabla mpindo haujakimbia pamoja na urefu. Ukipita nyuzi 50 huweza kuendelea hata ukubwani, na hapo mazungumzo huwa ya upasuaji. Kwa hiyo daktari hatafuti mtoto ana miaka mingapi. Anatafuta amebakisha kurefuka kiasi gani.

Mifupa yenyewe husema. Mwaka 1958 Joseph Risser alionyesha namna ya kutazama ukingo wa juu wa nyonga, ambako utepe wa mfupa hujitokeza na kuenea polepole. Daraja ni 0 hadi 5. Shida yake ni kwamba sehemu kubwa ya ule ukuaji wa kasi hupita mtoto akiwa bado daraja la 0, yaani kipimo kinaanza kuamka wakati gari limeshaondoka. Mwaka 2008 James Sanders na wenzake wakaleta njia ya mkono, yenye hatua 8. Unatazama gegedu za ukuaji kwenye vidole. Katika hatua ya 3 ncha za mifupa ya vidole zimefunika vizuri kama vifuniko na gegedu zote bado ziko wazi: hicho ndicho kipindi cha hatari, cha kurefuka kwa kasi. Hatua ya 4, gegedu za ncha za vidole zinaanza kufunga. Hatua ya 7, vidole vyote vimefunga, umebaki wazi mfupa mkubwa wa kigasha tu, pale kwenye kifundo cha mkono. Hatua ya 8, kwisha.

Kwa lugha yetu sisi watu wa msimbo, hatua ni data ghafi. Umri wa mfupa ni data iliyopitishwa kwenye jedwali la ubadilishaji ambalo hukuonyeshwa. Ni sawa na mtu kukuandikia "tukutane saa 2:00" bila kusema ni saa za Kiswahili au za Kizungu.

Jedwali lenyewe lilitoka wapi? Kitabu kinachotumika zaidi duniani ni atlasi ya Greulich na Pyle, iliyotoka 1950 na kurudiwa 1959. Picha zake ni za watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo, wa Cleveland, Marekani, waliopigwa eksirei miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Tukaja kwenye akili unde: mwaka 2017 chama cha wataalamu wa eksirei cha Amerika Kaskazini, RSNA, kiliandaa shindano la kusoma umri wa mfupa kwa kompyuta. Picha zilizidi 14,000, zote kutoka hospitali mbili za watoto, moja California na moja Colorado. Mshindi alikosea kwa wastani wa miezi 4 na kidogo tu. Kazi nzuri, naivulia kofia. Lakini ni miezi 4 kwa watoto wa kule.

Huku kwetu? Mwaka 2002 madaktari wa mifupa waliokuwa Malawi walichapisha uchunguzi: walisoma eksirei za watoto kwa atlasi hiyohiyo, na wengi mifupa yao ilionekana michanga kuliko umri wao. Na Kilifi tuna sababu zetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka 5 katika kaunti hii wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 18. Ugonjwa wa selimundu pia ni mwingi Pwani, nao huchelewesha balehe.

Hapo mtu ataniambia, basi programu haikukosea, mifupa ni michanga kweli. Sawa kabisa! Ndiyo maana nasema kosa kubwa zaidi ni kuitegemea kalenda. Msichana wa Marafa ameandikwa ana miaka 15, mtu anasema "huyu amekwisha kukua", anarudishwa nyumbani, kumbe mkono wake uko hatua ya 3. Tena hiyo 15 yenyewe imetoka wapi? Niliwahi kuandika programu ndogo ya kusajili wanafunzi wa shule moja huku kwetu. Kwenye safu ya tarehe ya kuzaliwa, 1 Januari ilijirudia hadi nikadhani msimbo wangu una hitilafu. Haukuwa na hitilafu. Kadi ya kliniki imepotea, cheti kimetafutwa siku ya kusajiliwa mtihani, mzazi anakumbuka mwaka wa mvua kubwa, karani anajaza.

Na gharama ya kukosea si ndogo upande wowote. Utafiti mkubwa wa bresi uliotolewa 2013 Marekani na Kanada ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa hawakufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Ndani ya bresi walitia kifaa cha kupima joto ili kujua saa halisi za kuvaa (ujanja nilioupenda), na waliozidi saa kama 13 kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 au zaidi. Sasa fikiria saa 13 ndani ya plastiki, juu yake sare ya shule au buibui, Malindi, wakati wa kaskazi. Ukimvalisha asiyehitaji umemtesa bure. Ukimnyima anayehitaji, mpindo hautamngoja.

Kwa hiyo kwa vijana wetu wanaotaka kuunda au kuleta programu hizi, mimi naomba hivi. Skrini ionyeshe kwanza hatua ya Sanders, na gegedu zipi zimeipa jibu hilo, ili daktari aweze kubisha. Miaka ije chini, kwa maandishi madogo, na jina la jedwali lililotumika na watoto wa wapi. Pembeni ya tarehe ya kuzaliwa pawe na safu ya pili: imetoka kwenye cheti, kadi, au makadirio? Pawe na nafasi ya urefu wa kila ziara na mwezi aliovunja ungo, maana kwa kawaida hilo huja baada ya kilele cha kurefuka, na kuuliza hakuna malipo. Picha iliyopigwa kwa simu filamu ikiwa imeegemezwa dirishani, kisha ikabanwa na WhatsApp, ikataliwe. Gegedu nyembamba hupotea humo. Na eksirei ya mtoto isipelekwe kwenye seva ya mtu bila idhini ya mzazi, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 iko wazi.

Futi ya kupimia urefu, kwa taarifa yenu, inauzwa sokoni kwa bei ya soda.