Kuangua Samaki Si Kuuokoa Mto

Juzi katika somo la Biolojia jirani yangu wa dawati alidai ati samaki wakipungua mtoni dawa ni rahisi: tuangue wengine, tuwamwage humo. Darasa likapiga makofi. Mimi nilikataa, na hapa nakataa tena.

Hebu tutazame mto Columbia kule Marekani. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kuzaa mto ule ule. Mabwawa ya umeme yaliwazibia njia. Lile la Grand Coulee, lililomalizika mwaka 1942, halina hata ngazi ya kupandia samaki. Kufidia hasara hiyo, serikali ilijenga vituo vingi vya kuangulia vifaranga.

Sasa, kifaranga wa kituoni hutupiwa chakula na hamjui adui. Anayestawi tangini siye angestawi mtoni. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza jeni za stilihedi wa mto Hood, Oregon (huyu ni trauti aendaye baharini, ndugu wa wale wa mito ya Mlima Kenya), walionyesha kuwa kila kizazi kinacholelewa kituoni hupunguza uwezo wa kuzaa mtoni kwa takriban asilimia 40. Tena huzaana na wale wa asili, wakawarithisha watoto udhaifu huo!

Je, vituo vyote vifungwe? La. Ukoo unapokaribia kwisha kabisa, kituo chaweza kuuhifadhi. Lakini mimi nataka nihesabiwe samaki waliorudi kuzaa wenyewe, si madebe ya vifaranga waliomwagwa. Mwenzangu bado hajanijibu.