Bepari Naye Apewe Haki Yake: Allidina Visram na Pengo la Wasifu Katika Fasihi Yetu

Si mbali na Buxton, kisiwani Mombasa, ipo shule ya upili ya Allidina Visram, iliyofunguliwa mwaka 1923. Wenyeji huiita Allidina tu. Ukienda hadi Treasury Square, ukingoni mwa Mji wa Kale, utaikuta sanamu ya mtu huyo huyo, iliyosimamishwa mwaka 1937. Mimi nimekulia Buxton, na kwa miaka mingi nililitamka jina hilo bila ya kujua mwenyewe alikuwa nani. Nilipoanza masomo ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, niligundua kwamba fasihi yangu nayo haikuwa na la kuniambia. Pengo hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Allidina Visram alizaliwa yapata mwaka 1851 huko Kutch, Bara Hindi, akafika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 12 hivi. Alianza kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyezipatia misafara bidhaa na wapagazi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram ndiye aliyeiendeleza biashara ile ya njia za bara. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Maduka yake yaliifuata reli hiyo, na mengine yakafunguliwa Uganda. Nguo na vyakula vilipanda bara. Pembe za ndovu na mazao vikashuka pwani. Hatimaye alivuka kutoka uchuuzi hadi uzalishaji, akaanzisha viwanda vya kuchambua pamba na vya kukamua mafuta. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul, aliyeijenga shule kwa kumbukumbu ya baba, naye akafariki mwaka 1923. Haikupita miaka mingi milki yote ikasambaratika.

Hebu tujiulize: maisha kama haya, yenye kupanda na kuanguka, yenye baba, mwana na mali, yanakosa nini hata yasiwe kitabu cha Kiswahili?

Jibu moja limo katika neno bepari. Neno hili tulilipata kutoka Bara Hindi, na asili yake ni mfanyabiashara tu. Limeingia katika lugha yetu kama yalivyoingia hundi na bima. Hata hivyo, mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno lilikwisha kubeba mzigo mwingine: bepari ni mnyonyaji. Riwaya zetu zikafuata mkondo huo. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), za Shafi Adam Shafi, zilituonyesha dhuluma kwa macho ya mtwana na ya mchukuzi wa bandarini. Sisemi kwamba zilikosea; bila ya kazi hizo tusingalikuwa na fasihi ya wanyonge. Ninachosema ni kwamba tajiri amebakia na nafasi mbili tu. Vitabuni ni zimwi, uwanjani ni sanamu. Na zimwi na sanamu wana sifa moja ya pamoja: hakuna anayewauliza walifanyaje.

Ajabu ni kwamba jadi ya wasifu tunayo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliyasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Humo tunakutana na Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemkopesha mali ya kwenda nayo bara. Kwa hiyo mkopeshaji yumo katika nathari yetu kongwe, lakini anaonekana kwa jicho la mkopaji. Wapagazi na watumwa waliobeba pembe zile hawakuachiwa nafasi ya kusema. Hilo ni funzo kubwa: maisha ya tajiri yakisimuliwa na tajiri pekee, mabega yaliyoibeba mali hupotea.

Wapo watakaonipinga kwamba wasifu wa matajiri ni sifa za kununuliwa. Hofu hiyo ina msingi. Wasifu na sifa ni maneno ya shina moja, na familia zenye uwezo hupenda kuandikiwa vitabu visivyo na doa. Lakini dawa ya wasifu mbaya ni wasifu mzuri. Wasifu wa Visram ninaoutaka mimi utaeleza jinsi mkopo ulivyotoka kwa tajiri wa mjini ukamfikia mwenye duka dogo bara, na mkulima wa pamba wa Uganda alipata nini. Utauliza pia kwa nini milki iliyojengwa kwa miaka hamsini ilisimama juu ya pumzi za baba na mwanawe tu.

Wengine watasema kwamba Visram si wetu. Mtu aliyeishi katika nchi hizi zaidi ya miaka 50, akafanya biashara katika misafara ambayo lugha yake ilikuwa Kiswahili, tutamwita mgeni hadi lini? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu ziukubali wasifu kuwa uwanja kamili wa utafiti wa uzamili, badala ya kila mwaka kurudia tasnifu juu ya riwaya zile zile. Pili, wanachama wa chama chetu tuanze kukusanya masimulizi ya Mji wa Kale na mitaa ya jirani: ya wenye maduka, makarani wao, wachukuzi na washonaji. Nyumba kongwe za Buxton nilizozijua utotoni zimebomolewa, na maghorofa yamechukua nafasi yake. Wazee waliokaa barazani mwake nao wanapungua. Sanamu ya Treasury Square itaendelea kusimama, lakini haisemi. Wa kuisemea ni sisi, na wazee hao hawatatungoja.