"Nipe za maumivu." "Za bei gani?"

Wiki hii ya mapenzi na mavazi tuyaweke kando. Tuongelee kitu kidogo ambacho hakikosekani kwenye mikoba ya akina dada wala mifuko ya jinzi ya akina kaka: vidonge vya kutuliza maumivu.

Simama nje ya duka la dawa pale Sinza, Manzese au Mbagala jioni, watu wakitoka kazini. Utasikia hivi: "Anti, nipe za maumivu." "Za bei gani?" Basi, mahojiano yamekwisha. Hakuna aliyeuliza kinauma nini, tangu lini, wala kama mteja ana vidonda vya tumbo. Muuzaji anakata vidonge sita, anavitia kwenye bahasha ya kaki, anaandika 1 x 3, na mteja anawahi daladala.

Hebu itazame hiyo bahasha. Jina la dawa halimo. Usiku tumbo likichachamaa ukakimbizwa hospitali, daktari anauliza umemeza nini, unamjibu "vyeupe". Bwana wee, vyeupe viko chungu nzima, na kila kimoja kina kesi yake.

Kwenye maduka yetu kuna koo mbili kubwa. Ya kwanza ni parasetamo, ile ambayo wengi tunaiita Panadol hata kama pakiti ina jina jingine. Haina ugomvi na tumbo, lakini ikizidi inalimaliza ini. Mtu mzima mwenye afya anaruhusiwa gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na baina ya dozi na dozi ziwepo walau saa nne. Mlevi wa kila siku na mtu mwembamba sana wanatakiwa kumeza pungufu ya hapo. Sasa angalia mtego. Umemeza Panadol mbili asubuhi. Mchana mafua yamekubana, ukanywa dawa ya mafua, na nyingi zina parasetamo ndani. Jioni muuzaji akakupa kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamo. Unadhani umekunywa dawa tatu tofauti, kumbe parasetamo imeingia mara tatu. Mbaya zaidi, aliyezidisha anaweza kushinda siku ya kwanza akiwa na kichefuchefu tu, au haumwi kabisa, ini likaanza kuonyesha kazi siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuokoa ini ipo, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi ndani ya saa 8. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuumwa.

Ukoo wa pili ni diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizi ndizo vijana wanaziita kiboko, na kweli kwa jino au kifundo kilichoteguka zinajua kazi. Zinauzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Shida ni kwamba kemikali za namna hiyo hiyo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizibana huku, umezibana na kule. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutoka damu ndani kwa ndani, choo kikawa cheusi kama lami. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Anayetumia vidonge vya presha anaweza kukuta presha haishuki na figo zinalalamika. Mama mwenye mimba iliyofika wiki 20 asizimeze kwa kujiamulia, maana zinaweza kugusa figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Wapo wajanja wanaosema, "Mimi nachoma sindano, haipiti tumboni." Aa wapi! Dawa inafika kwenye damu, na ikishafika huko inaufanyia ukuta wa tumbo yale yale. Juu ya hapo, sindano ya makalio ikichomwa pasipo pake inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu, mtu akaingia anatembea akatoka anaburuta mguu.

Akina dada msinielewe vibaya. Kwa maumivu ya siku zenu, ibuprofeni ni dawa nzuri kweli, kwa sababu kemikali zile zile ndizo zinazolikamua tumbo la uzazi. Imezwe maumivu yanapoanza, baada ya kula, kwa siku mbili tatu, si mwezi mzima. Na kama siku zimechelewa, pima kwanza.

Halafu kuna homa. Jiji la Dar lilipigwa na dengi mwaka 2014, likapigwa tena 2019. Dengi inaleta maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, na inashusha chembe zinazogandisha damu. Sasa mtu wa namna hiyo umpe diklofenaki au aspirini, si unaifungulia damu mlango? Homa ambayo haijapimwa, parasetamo peke yake inatosha mpaka majibu yatoke.

Kingine ambacho wengi hawakiamini: vidonge vya kichwa vinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Mtu anayevimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa kinazoea, dawa ikipungua kinadai. Kwa vile vya mchanganyiko, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha kukufikisha huko. Mtu wa hivyo anahitaji daktari wa kumsaidia kuacha, siyo pakiti kubwa zaidi.

Na tramado? Hiyo ni ndugu yake mofini, ni ya cheti. Inaweza kuleta utegemezi na hata degedege kwa mtu mzima, na ukiichanganya na pombe au dawa za usingizi pumzi inaweza kukatika. Washikaji wanaoimeza ili "wakaze" kazini wanacheza pata potea. Ila tusizifanye dawa kali kuwa shetani. Pale Ocean Road wagonjwa wa saratani hupewa mofini ya kunywa, na inawarudishia usingizi. Tofauti ni kwamba yupo anayeandika kipimo, anayehesabu, na anayemwona mgonjwa tena.

Najua utaniambia: kwa daktari foleni ndefu, nani ana muda? Ni kweli, zipo zahanati unakaa saa tatu kwa maongezi ya dakika tatu. Lakini siyo uchache wa madaktari peke yake, ni mpangilio pia. Zahanati iliyojipanga inaanza na nesi. Wakati unasubiri benchi, anakupima presha na uzito, anakuuliza mambo manne matano: una vidonda vya tumbo, pumu, mimba, dawa gani imewahi kukudhuru, leo umeshameza nini. Anayaandika kwenye jalada la faili kwa wino mwekundu. Ukiingia kwa daktari, maswali hayo yameshakwisha, zile dakika tatu zinabaki za ugonjwa wenyewe. Wenye zahanati wanaosema kuuliza kunachelewesha foleni wanajidanganya. Kinachojaza foleni ni mgonjwa wa Jumatatu kurudi Alhamisi anatapika damu.

Na wewe usiende mikono mitupu. Beba pakiti za vyote unavyomeza, hata dawa ya mafua na ile ya mitishamba ya bibi. Usiseme "mwili mzima unauma". Onyesha kwa kidole, taja siku ulipoanza kuumwa. Cheti kiwe na jina la dawa, kipimo, saa na idadi ya siku, maana "kunywa ukisikia maumivu" bila kuambiwa mwisho ni ngapi kwa siku haijakamilika. Ukifika mlangoni ukakuta siku hazijaandikwa, geuka urudi ndani uulize. Anayefuata atanuna kidogo, mwache anune.