AFYA YA JAMAA: Vidole vya Mama Vinavimba Asubuhi



Mwezi huu tumepata barua ya kijana mmoja wa Kibabi. Mama yake ana miaka 46. Tangu mwaka uliopita vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na sasa miguu imeanza. Kijana ameandika maneno ya mama mwenyewe: "Asubui siwezi hata kushika kikombe. Mpaka jua ipande njo vidole vinafunguka." Shangazi anasema ni karuho, kwa sababu kuna jirani aliyempa mama chakula siku ya matanga. Jamaa wamekwisha kukusanya pesa za kwenda kwa mfumu, na yule jirani hapiti tena njia ya kwao. Kijana anauliza: Je, kuna mtu aliyemtupia mama ugonjwa huu?

Kijana wetu, sisi hatujamwona mama yako. Muganga atakayempima ndiye atasema. Lakini alama ulizoandika zinajulikana. Huku kwetu kila maumivu ya mifupa tunaita rimatisime, na hapo tunachanganya mambo. Goti la mzee aliyebeba mifuko ya mawe miaka 20 linauma jioni, baada ya kazi, na likipumzishwa linatulia. Ugonjwa wa mama yako ni kinyume: unauma wakati wa kuamka, unakaa saa nzima au zaidi, kisha unalegea mtu akitembea-tembea. Unashika mkono wa kuume na wa kushoto pamoja. Kama imepita majuma 6 na uvimbe haujashuka, ni lazima kufikiri baridi yabisi, ile waganga wanaita poliartriti rimatoidi. Wanawake wanashikwa mara 2 au 3 kuliko wanaume. Isifikiriwe kuwa ni ugonjwa wa Wazungu tu: utafiti uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2012 uliukuta huko pia.

Sasa, ni nani anayefanya vidole vivimbe? Wewe unajua mashimo. Shimo likianguka, mtu anapiga kelele, na watu wote wanakimbia na chepeo kuwatoa wenzao. Wakiisha kutolewa, kelele inakwisha. Katika mwili, askari wa damu nao wana kelele yao: ni vitu vidogo sana vinavyoitwa sitokini. Askari mmoja anatoa sitokini, wengine wanasikia na kuja, damu inajaa mahali pale, panavimba, panapata moto. Ukichomwa na mwiba, hiyo ni faida. Katika baridi yabisi kelele inapigwa kwenye ngozi laini ya ndani ya viungo, na hakuna shimo lililoanguka. Wanaokuja hawana mtu wa kuchimbua, basi wanachimba nyumba yenyewe. Wanakula gegedu, halafu mfupa. Mfupa ulioliwa haurudi, njo maana tunasema mapema.

Sitokini ni nyingi. Moja inaitwa TNF, nyingine interlukini 1, nyingine interlukini 6. Hii ya 6 inapanda usiku kuelekea alfajiri, na hiyo ni sababu moja ya mama kushindwa na kikombe asubuhi. Ni yeye pia anayeleta uchovu na kupunguza damu, hata watu wanasema mama amekuwa mvivu. Zamani walifikiri kwamba, kwa kuwa ziko nyingi, kuzuia moja hakutasaidia kitu. Kule London, Marc Feldmann na Ravinder Maini waliona kwamba TNF ikinyamazishwa, zingine nazo zinashuka. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa 20 dawa ya kuizuia, na viungo vikashuka uvimbe.

Lakini kelele inaanzaje? Sehemu moja ni damu ya ukoo. Tumbako inaongeza hatari. Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa machimbo: vumbi la mawe. Mwaka 1953 Dokta Anthony Caplan aliandika juu ya wachimbaji wa makaa kule Wales waliokuwa na baridi yabisi pamoja na mabonge katika mapafu. Baadaye Sweden waliona kwamba wanaume waliovuta vumbi la mawe wanashikwa zaidi. Askari wa mapafu anameza vumbi, anashindwa kuliyeyusha, anatoa interlukini 1. Umeandika kwamba mama alitwanga mawe miaka 8, kama wale mama twangeze wa Kamituga. Hatuwezi kuapa kwamba ni vumbi. Lakini chakula cha matanga hakifanyi vidole vya mikono miwili vivimbe sawasawa mwaka mzima. Mwende kwa yule jirani, mumwambie hivyo, kabla maneno hayajafika kwa vijana wenye hasira. Na wanaotwanga leo wamwagie mawe maji kwanza.

Zile pesa za mfumu, barabara ikiruhusu, zimpeleke mama hopitali kubwa apimwe damu. Asinunue dexa wala prednizoni sokoni peke yake. Mwaka 1948 huko Marekani Dokta Hench alimpa mama mmoja dawa ya ukoo huo, kortizoni, na baada ya siku chache akatembea. Watu wakasema ni muujiza. Kisha yakatokea mabaya yake: uso kuvimba, mifupa kulegea, sukari kupanda, vidonda vya tumbo. Muganga anaweza kuitoa kidogo kwa muda, na ikiisha kuzoeleka haiachwi ghafula.

Dawa za kuzuia TNF ziliingia mwaka 2019 katika orodha ya OMS ya dawa za lazima, lakini bei yake ni kali sana kwetu. Tena TNF ndiyo inayosaidia kujenga ukuta kuzunguka vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Mwaka 2001 waganga walihesabu wagonjwa 70 walioamkiwa na kifua kikuu baada ya dawa hiyo. Mama aliyekaa katika vumbi na watu wenye kukohoa apimwe kifua kwanza.

Dawa ambayo waganga wengi wanaanza nayo ni ya bei nafuu: metotrekisate. Damu na ini vitapimwa mara kwa mara, na vidonge vya asidi foliki vinafuatana nayo. Mwenye mimba, au anayetafuta mimba, haipewi kamwe. Pombe aiache. Inachukua majuma mengi kabla ya kusikia nafuu, asikate tamaa. Na inamezwa siku 1 tu kwa juma. Akiimeza kila siku inaweza kumwua. Achague siku asiyoweza kusahau, kwa mfano siku ya Mungu akitoka kanisani, na wewe mwanawe uandike alama kwenye kalenda.